Ukimya Una Mlipaji: Tafakari juu ya Mji Mdogo wa Green Bank

Tukiitaja Marekani, mawazo yetu hukimbilia majumba marefu ya New York, taa zisizozimika na magari yanayofuatana kama siafu. Ndivyo sinema zilivyotufundisha. Lakini ndugu zetu wengi waliotoka katika kambi za wakimbizi za Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania, wakapokelewa kule, hawakuishia wote katika miji mikubwa. Wengine walipelekwa mahali padogo ambapo majina yake hatukuwahi kuyasikia, na wanapotupigia simu, jambo wanalolisimulia kwanza mara nyingi ni ukimya. Barabara safi isiyo na mtu anayetembea. Jirani anayeonekana asubuhi akiingia garini na jioni akishuka. Jumapili ambayo ngoma za kanisa hazisikiki kutoka nyumbani. Kuna anayeushukuru ukimya huo kama pumziko baada ya miaka ya risasi, na kuna anayelia ndani yake.

Basi ukimya ni neema au ni adhabu? Ili tusijibu haraka, tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya mji mmoja mdogo wa Marekani ambao ukimya wake haukuja wenyewe. Umeandikwa katika sheria. Jina lake ni Green Bank.

Green Bank uko milimani, katika wilaya ya Pocahontas, jimbo la West Virginia, safari ya karibu saa nne kwa gari kutoka Washington. Kuuita mji ni kuupa heshima: wakaaji wake hawafiki mia mbili, na wilaya nzima haina watu 8,000. Kuna shule, maktaba, makanisa, nyumba za mbao zilizotawanyika kando ya barabara, malisho ya ng'ombe, na misitu inayopanda hadi kwenye vilele vya milima ya Allegheny. Wakati wa baridi theluji hufunika yote. Watoto hupanda basi la manjano kwenda shuleni, na mwenye shughuli katika ofisi za serikali husafiri hadi Marlinton, makao makuu ya wilaya, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa gari.

Mpaka hapo ni mji kama miji midogo mingine ya milima ile. Lakini mgeni anayeukaribia akiwa na simu ya mkononi huona alama za mtandao zikipungua moja baada ya nyingine, kisha zinatoweka. Simu yake haijaharibika. Ameingia mahali ambapo mawimbi ya redio yanazuiwa kwa makusudi, na sababu yake inaonekana juu ya miti: sahani nyeupe kubwa mno, iliyoelekezwa mbinguni.

Sahani hiyo ni darubini ya redio iliyozinduliwa mwaka 2000 na kupewa jina la seneta Robert C. Byrd. Upana wake ni mita 100 kwa 110, kimo chake karibu mita 148, na eneo la sahani linazidi uwanja wa mpira. Kati ya darubini zote za redio duniani zinazoweza kugeuzwa kila upande wa anga, hii ndiyo kubwa kuliko zote. Kazi yake inafanana na ya sikio zaidi kuliko ya jicho. Nyota na mawingu ya gesi yaliyo mbali sana hutoa mawimbi ya redio, ambayo husafiri miaka maelfu na mamilioni kabla ya kutufikia. Yanapofika yamedhoofika kiasi kwamba simu moja, jiko moja la mikrowevu au waya mmoja mbovu wa umeme unaweza kuyafunika, kama mlio wa jenereta unavyofunika sauti ya mgonjwa anayenong'ona.

Ndiyo maana mwaka 1956 jimbo la West Virginia lilitunga sheria ya kuzuia vifaa vya umeme vinavyovuruga usikivu wa darubini, ndani ya mzunguko wa kilomita 16 hivi. Mwaka 1958 serikali ya shirikisho ikatangaza eneo la kitaifa la ukimya wa redio lenye kilomita za mraba zipatazo 34,000. Ndugu zetu wa Kivu watapata picha tukisema kwamba eneo hilo linaizidi Rwanda nzima. Katika sehemu kubwa ya eneo hilo minara haikatazwi kabisa, ila kila mnara hupimwa kwanza. Masharti hukaza kadiri unavyoisogelea sahani.

Maisha ya kila siku yamejipanga kufuatana na sharti hilo. Karibu na darubini yenyewe huendeshwa magari ya mazutu tu, kwa sababu injini ya esanse huwashwa na cheche, na kila cheche ni kelele ya redio. Jiko la mikrowevu la wafanyakazi limefungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Kumekuwa na fundi anayezunguka barabarani na gari lenye antena, akitafuta kinachovuma: huenda ni ua la umeme la ng'ombe lililolegea, huenda ni blanketi la umeme lililochakaa katika nyumba ya mzee fulani. Wakaaji hutumia simu ya waya na intaneti ya waya. Wanaotaka kukutana hupatana saa na mahali kabla ya kutoka nyumbani, maana njiani hakuna namna ya kutuma ujumbe kwamba nimechelewa, nisubirini. Habari za wilaya huletwa na redio ndogo ya jamii, iliyoanza mwaka 1981 katika mawimbi ya kati na kutegemea sana watu wanaojitolea.

Tukisoma hayo, tunashawishika kutoa hubiri jepesi: tazameni, vijana, hawa wanaishi bila simu ya mkononi na wana amani, nanyi zizimeni simu zenu. Hubiri hilo tumelisikia mara nyingi, na sisi wenyewe tumewahi kulitoa. Lakini Green Bank ukiangaliwa kwa karibu hauturuhusu kulitoa, kwa sababu kila ukimya una mlipaji, na heshima inatudai tumtazame usoni kabla hatujausifu.

Walipaji wa kwanza walikuwa wakulima. Bonde lilipochaguliwa katika miaka ya 1950, serikali ilichukua mashamba kwa ajili ya darubini na kuwalipa wenyewe fidia, wakitaka wasitake. Sisi tunaoijua nchi ambamo kibali cha mgodi huweza kufika kijijini kabla ya habari zake, hatuhitaji kuelezwa jinsi mtu anavyojisikia akiambiwa kwamba shamba la babu yake sasa ni la lazima kwa kazi iliyo kubwa kuliko yeye. Kazi ilikuwa kubwa kweli. Hata hivyo shamba lilikuwa lake.

Walipaji wa pili ni vijana. Mwaka 1920 wilaya ya Pocahontas ilikuwa na watu wapatao 15,000, wakati viwanda vya mbao vilipokuwa vikila misitu usiku na mchana. Misitu ilipoisha na viwanda kufungwa, watu wakaanza kuondoka, na leo imebaki karibu nusu yao. Ukimya wa mji mdogo wa Marekani mara nyingi umeumbwa na kitu hiki: wanaopiga kelele, yaani vijana, wamekwenda kutafuta kazi kwingine. Tusiwalaumu kwamba walikipenda kishindo cha mji. Walifuata mkate. Nasi tunaowaona wenzetu wakiteremka kutoka milimani kwenda Goma, Bukavu au Lubumbashi tunajua kwamba kijiji kinachonyamaza si lazima kiwe kimepata amani.

Walipaji wa tatu ni wale wanaopatwa na ajali au ugonjwa mahali ambapo msaada ni mgumu kuuita. Wahudumu wa dharura wa milima ile wamelalamika kwa miaka mingi kwamba masharti ya ukimya yanazidhoofisha redio zao za kazi mabondeni. Hebu tumfikirie mtu ambaye gari lake limeteleza kwenye theluji usiku, umbali wa kilomita nyingi kutoka nyumba yenye simu ya waya. Kwake yeye ukimya ule mzuri unaosikiliza nyota haumsikilizi yeye.

Wala tusidhani kwamba wakaaji wote wameukubali ukimya huo kwa moyo mmoja. Mwandishi wa habari Stephen Kurczy, ambaye kitabu chake juu ya eneo hilo kilitoka mwaka 2021, alikuta kwamba nyumba nyingi tayari zilikuwa na intaneti isiyo na waya, sheria ikiwepo. Wazazi wanataka watoto wafanye kazi za shule. Vijana wanataka wanachokitaka vijana wote. Kwa upande mwingine, wapo watu waliohamia Green Bank kutoka mbali kwa sababu wanaamini kwamba mawimbi ya simu yanawaumiza mwili. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba maumivu ya watu wa namna hiyo ni ya kweli, ingawa sayansi haijathibitisha kwamba yanaletwa na mawimbi. Kwa hiyo katika mji mmoja mdogo, jirani mmoja anaomba ukimya zaidi na mwingine anaomba mnara. Kuishi pamoja katika hali hiyo kunadai mazungumzo, na kila mmoja kuacha kitu.

Vijana wapendwa, nasi katika nchi yetu tunazijua aina nyingi za ukimya. Tunaujua ukimya wa soko lililofungwa kwa hofu, siku ambayo hata kuku wanaonekana kutembea kwa tahadhari. Tunaujua ukimya wa amri: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu, na hakuna aliyekuja kutuuliza kama tunakubali. Tunaujua pia ukimya wa vijiji ambavyo havina mtandao kwa sababu tu hakuna aliyeona faida ya kuvijengea mnara. Mama anayejifungua usiku katika kijiji hicho hakai katika eneo la ukimya lililotunzwa. Anakaa katika eneo lililosahauliwa.

Tofauti hii ni kubwa, nasi tunataka kuisema bila kuizunguka. Mtu wa Green Bank hana simu ya mkononi inayoshika mtandao, lakini ana simu ya waya ukutani, umeme usiku kucha, barabara ya lami na basi la shule mlangoni. Ukimya wake ni wa mtu ambaye mahitaji mengi ya lazima ameyapata, kisha ameombwa kuacha jambo moja kwa faida ya wote. Kumhubiria ukimya mtu ambaye hajawahi kupewa sauti ni kumwongezea mzigo, hata tukilipamba hubiri kwa maneno matakatifu.

Tena hatuwezi kuzungumza juu ya simu kana kwamba ni jambo la wengine. Koltani inayochimbwa Kivu na kobalti ya Katanga zimo ndani ya simu na betri zinazotumika duniani kote. Katika machimbo yetu wapo vijana wa umri wenu wanaoshuka mashimoni ili dunia iweze kuzungumza. Inashangaza kufikiri kwamba sehemu ya kelele ambayo Green Bank unajilinda nayo imetoka chini ya ardhi yetu, na kwamba kelele hiyo hiyo haijawafikisha wachimbaji wale kwenye masikio ya wanaoitumia. Dunia imepata vyombo vingi vya kusema kuliko wakati wowote. Masikio hayakuongezeka.

Je, tuseme basi kwamba Green Bank hauna la kutufundisha? Hapana. Unatufundisha jambo ambalo hatukulitarajia. Kwa muda wa miaka zaidi ya 60, eneo linaloipita nchi nzima kwa ukubwa limepunguza sauti yake ili kitu dhaifu kiweze kusikika. Halikufanya hivyo kwa sababu kelele ni dhambi. Lilifanya hivyo kwa sababu kulikuwa na sauti iliyostahili kusikilizwa, na sauti hiyo haikuwa na nguvu ya kupiga kelele zaidi. Nabii Eliya pangoni mwa Horebu angewaelewa watu hao: upepo, tetemeko na moto vilipita kwanza, na alichokingojea hakikuwamo ndani yake.

Kwa maoni yetu, ukimya mwema unatambulikana kwa mambo matatu. Una kitu unachokisikiliza. Ukimya usiosikiliza chochote ni upweke tu. Umekubaliwa na wanaouishi, au angalau wameulizwa. Na gharama yake haimwangukii mnyonge peke yake. Kwa kipimo hicho Green Bank unafaulu vizuri jambo la kwanza, ambapo la pili na la tatu bado wanahangaika nayo. Na sisi je?

Tuanzie karibu, katika mikutano yetu wenyewe. Tunakutana Jumamosi baada ya salongo, tunaketi kwa mduara, na kila mmoja ana simu juu ya goti. Msichana anaanza kueleza kwamba nyumbani wanataka kumwoza kabla hajamaliza shule. Anaeleza kwa sauti ndogo, kwa kuwa mambo ya namna hiyo hayasemwi kwa sauti kubwa. Katikati ya maneno yake simu inalia. Mwingine anacheka kwa kitu alichokiona kwenye kioo. Msemaji anafupisha habari yake, anasema basi, ni hayo tu, na kuketi. Hakuna aliyemkataza kusema. Tulimfunika tu, kama simu inavyoifunika nyota. Wiki inayofuata haji, nasi tunaulizana kwa nini vijana wanapoa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa makundi yote ya vijana wa parokia jambo dogo. Nusu saa ya kwanza ya mkutano iwe nusu saa ya kusikilizana, na simu ziwekwe ndani ya kikapu kilichofunikwa. Lakini kundi lenyewe lijadili na kukubaliana kwanza, kwa sababu kikapu kinacholetwa kwa amri ya mkubwa kitazaa simu za siri mifukoni. Na simu moja ibaki imewashwa, mlangoni, mikononi mwa mtu aliyechaguliwa kwa zamu. Namba yake ijulikane na wazazi wa kila mmoja. Maana katika kila kundi yumo kijana mwenye mama mgonjwa, yumo mwenye ndugu aliye safarini katika njia isiyo salama, na hao hawawezi kusikiliza wengine ikiwa moyo wao umebaki nyumbani. Anayekaa mlangoni ndiye mlipaji wa ukimya wetu siku hiyo: anakosa sehemu ya mazungumzo ili wengine wayapate. Wiki ijayo atalipa mwingine. Ndivyo gharama inavyogawanywa.

Wengine watasema kwamba nusu saa ni kidogo mno na haitabadilisha kitu. Mwaka 1960, pale pale Green Bank, mwanasayansi kijana Frank Drake aliigeuza darubini ndogo kuliko ya leo kuelekea nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akitafuta ishara yoyote ya viumbe wenye akili. Alisikiliza kwa miezi kadhaa, asipate ishara. Walakini jaribio lake liliwafungulia njia watafiti wengi wanaoendelea kusikiliza hadi leo, bila ahadi yoyote kwamba watajibiwa.

Msichana wetu hayuko mbali kama Tau Ceti. Anakaa viti viwili tu kutoka kwetu, na Jumamosi ijayo huenda akajaribu tena.

Maswali ya kujadiliana katika kundi:

1. Katika kundi letu, ni nani ambaye huanza kusema kisha hunyamaza? Tunamfunika kwa kitu gani?

2. Ukimya tunaoutaka nyumbani, kanisani au shuleni unamgharimu nani? Je, tumewahi kumuuliza?

3. Ni kijiji au mtaa gani jirani nasi ambao umenyamaza kwa kusahauliwa, nasi tunaweza kuupelekea nini kabla ya kuuhubiria?